Kamba ya Mafundo Kumi na Tano

Kambi ya Handaki
Tarehe 6 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Kamba utakayoikuta ndani ya furushi si ya kuanikia, na nakuomba sana usiianikie. Nimeifunga mafundo kumi na tano. Kutoka fundo hadi fundo ni mkono wangu mmoja, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kila tarehe mosi, asubuhi kabla mtu hajachota, ncha ya juu uifunge kwenye mti wa kisima, uiachie yote ishuke, halafu uivute uhesabu mafundo yaliyotoka makavu. Uniandikie idadi, basi.

Nimepata kazi, Bibi. Reli ya mwendo kasi itapita chini ya kilima chako, ndani ya handaki, nami nimo kitengo cha mazingira. Wenzangu wanachimba, mimi nahesabu uchimbaji unakula nini. Miti mingapi imekatwa, kifusi kimemwagwa wapi, moshi kiasi gani, maji ya nani yamehama. Handaki ni kama msumari kwenye mtungi. Likipita vibaya, maji ya kilima kizima yanatokea humo. Visima vitatu tumeviwekea mitambo, pamoja na kile cha shule. Chako ni chembamba, mtambo haukuingia, na ndicho kilicho juu kabisa ya mahali tutakapopita. Nikapendekeza kamba.

Kuna jambo moja. Ofisini sijasema kwamba mwenye kisima namba nne ni bibi yangu. Kanuni inakataza mpimaji kupimiwa na ndugu yake. Lakini nani mwingine ningemwamini? Akija mtu wa ofisi, wewe ni mwenye kisima tu.

Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Mkuu wetu ana msemo wake: maji yakishuka kazi inasimama, na kazi ikisimama wa kwanza kufunga virago ni wapimaji. Anatania, ila hacheki.

Mjukuu wako,
Sisimizi

*

Nyumbani
Tarehe 2 Aprili

Mke mwenzangu Sisimizi,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo ndio una jambo, lakini huo tumezoeana.

Anayeandika hapa ni Fundi Viatu, jirani yetu wa mlango wa kijani, maana mimi shule niliijua kwa nje, nikipeleka nguo za mwalimu mkuu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipige rangi. Simu uliyoniachia iko kabatini, imefunikwa kitambaa. Kwenye simu mtu unasema, maneno yanakwenda zake. Karatasi inakaa. Nikikukumbuka, Fundi Viatu ananisomea tena, naye hana pa kukimbilia, viatu vya watu vimemzunguka.

Jana alfajiri nimeshusha kamba. Mafundo saba makavu. Nimehesabu mara mbili, Fundi Viatu akahesabu, tukapatana, na mimi na yeye hatujapatana tangu siku aliponishonea kandambili mbili zote za mguu wa kushoto.

Sasa hilo la kukukana. Mkunga alipochelewa, mikono hii hii ndiyo iliyokupokea, ukanikojolea. Leo niseme sikujui? Sitasema. Wakija nitawaambia kisima ni changu, jambo ambalo ni kweli, kisha nifunge mdomo. Uongo sijapata kuusema, na meno yaliyobaki ni tisa, siwezi kuyatia doa uzeeni.

Nguo za zahanati bado nafua, shuka arobaini Jumatatu, arobaini Alhamisi. Maji yakiwepo mimi nipo.

Na mimi nina swali. Hiyo treni inakimbia hivyo, inakimbilia nini? Mtu akitoka mbio mtaani namna hiyo tunamuuliza nani kafa. Halafu unasema unahesabu moshi. Mlituambia hii ni treni ya umeme, haina moshi. Moshi unatoka wapi?

Kula. Ulipoondoka mabega yalikuwa kama kitundikio cha nguo.

Bibi yako

(Mimi mwandishi nakusalimu. Kandambili zile zilikuwa za miguu miwili. Naandika ninachoambiwa.)

*

Kambi ya Handaki
Tarehe 20 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua zako mbili nimezipata, saba na saba. Nimezibandika juu ya kitanda.

Umeuliza moshi. Treni yenyewe haitoi, ila chukua mfuko mmoja wa saruji. Kabla haujafunguliwa, huko ulikookwa umeshatoa moshi unaokaribia uzito wake. Handaki ni saruji, madaraja ni saruji, na nondo nazo zimepikwa kwenye tanuri. Umeme wa kuiendesha, karibu nusu yake unatoka kwenye makaa ya mawe. Nimepiga hesabu nikairudia: treni itabidi ikimbie miaka ishirini na moja, imejaa watu ambao wangepanda ndege au magari, ndipo ifute moshi wa kujengwa kwake. Ikikimbia nusu tupu, mimi na wewe hatutaiona siku hiyo.

Na mwendo nao unakula. Ukiuzidisha mara mbili, upepo unaoipinga unazidi mara nne. Ndiyo maana wenzangu wananiita mchawi wa sherehe. Wao wanaona reli, mimi naona kinachoungua. Lakini naipenda kazi hii, Bibi. Nikikuta njia ya kuokoa hata malori kumi ya saruji silali kwa furaha. Na siku nyingine silali tu.

Wachimbaji wamebakiza wiki mbili kufika chini yako. Utasikia baruti. Usiogope.

Sisimizi

*

Nyumbani
Tarehe 2 Juni

Mke mwenzangu,

Kumbe treni inapigana na upepo ilioutimua yenyewe. Nilimjua mtu wa namna hiyo, nikazaa naye watoto watano. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akianza ugomvi saa mbili ili saa tatu apate wa kusuluhisha.

Baruti tumeisikia. Vikombe vinagongana kabatini kama meno ya mtu mwenye homa. Paka kahama, yuko kwa Fundi Viatu, na mimi simwiti. Atakayerudi arudi kwa miguu yake.

Jana nimeshusha kamba. Mafundo manane makavu. Nikahesabu tena, manane. Ndoo inachelewa kugonga maji, naisikia kwa mkono. Kisima hiki nakijua kama tumbo langu. Mwezi huu hakijawahi kushuka, hata ule mwaka tuliokula mbegu.

Umesema hulali. Kwa nini hulali?

Bibi yako

*

Kambi ya Handaki
Tarehe 12 Juni

Bibi,

Manane? Labda kamba imejikunja. Labda mtu alichota kabla yako. Tafadhali mwezi ujao hakikisha.

Nakuambia ukweli kwa sababu ni wewe. Mkataba unaisha mwisho wa Agosti na watatu kati yetu wameshaambiwa wasubiri nyumbani. Mkuu aliishika karatasi yangu ya hesabu za namba nne akaniuliza, huyu bibi anajua kuhesabu? Nikasema anajua kuliko mimi. Akasema, basi tumwombee ahesabu vizuri. Tangu siku ile nikisikia hatua zake mlangoni najifanya nahesabu.

Naomba tu Mungu isije ikawa tisa.

Sisimizi

*

Nyumbani
Tarehe 22 Juni

Mdogo wangu Mapipa,

Hujambo na gari lako hilo linalokohoa. Huku juu tupo.

Nina shida na wewe, na usiniulize mara mbili. Tarehe thelathini alasiri, pakia mapipa manne ya maji ya bomba huko mjini uniletee. Si ya kufulia. Ni ya kumimina kisimani.

Nimeshusha kamba ya mtoto leo, kabla ya siku yake, nipate kuchungulia. Mafundo tisa. Mtoto kaandika anaomba isiwe tisa. Nimeizunguka ile barua siku nane kama kuku anayetaka kutaga. Nikiandika tisa, wanamfukuza, na alivyokonda. Nikiandika saba na kamba inasema tisa, nimesema uongo, nami sisemi uongo. Basi kamba itasema saba. Tutamimina jioni, alfajiri nitahesabu, nitakachokiona ndicho nitakachosema.

Majirani nitawaambia nasafisha kisima. Hilo nalo ni kweli, maji mapya ni usafi.

Malipo usinitajie. Nilikubeba mgongoni kutoka mtoni ukiwa na surua, ukanitapikia shingoni, sikukutajia.

Dada yako

(Mwandishi: Mapipa, mimi nimemwambia. Amenijibu nishone viatu.)

*

Nyumbani
Tarehe 2 Julai

Mke mwenzangu Sisimizi,

Jana alfajiri nimeshusha kamba mbele ya Fundi Viatu. Mafundo yaliyotoka makavu ni saba. Saba. Sasa ulale.

Nguo zipo, mgongo upo, paka hajarudi. Sina maneno mengi leo.

Bibi yako

*

Kambi ya Handaki
Tarehe 15 Agosti

Bibi yangu wa dhahabu,

Saba, na tena saba! Mkataba wameniongezea mpaka Desemba.

Ila kuna mvutano. Mtambo wa kisima cha shule unaonyesha maji yameshuka karibu mita mbili, ile miwili mingine iko mbali na njia, imetulia. Mikutano haiishi. Upande mmoja wanasema kipande cha chini ya kilima, mita mia nne, kivalishwe ngozi: mpira mnene kuzunguka handaki lote, kisha zege nene juu yake, tone lisipite. Upande mwingine wanasema kiachwe na mabomba ya kukusanya maji na kuyatoa nje, kwani kilima hakijaathirika. Ngozi ile inataka saruji ya malori zaidi ya elfu. Wewe unajua nilivyo na saruji. Kichwa changu kinaniambia, ule moshi wote wa nini, kama kisima kilicho juu kabisa hakijashuka hata fundo moja?

Mkuu anasema mtambo wa shule ni mbovu. Na mimi nashindwa kumpinga. Mtambo una betri, una vumbi. Kamba ina nini cha kuharibika?

Lakini situlii. Juzi nimekwenda shuleni nikakuta foleni ya ndoo. Mwalimu akaniambia, mtambo wenu mbovu, na kiu ya watoto nayo mbovu?

Bibi, huko kwako hakuna kitu chochote kilichobadilika? Hata kidogo?

Sisimizi

*

Mjini
Tarehe 27 Agosti

Dada,

Nimepokea agizo la mapipa manane. Juni manne, Julai sita, sasa manane. Nimeshakuletea, utaletewa, lakini sikiliza na mimi, japo nilikutapikia.

Mara ya mwisho nilipomaliza kumimina nilikaa pale kisimani navuta sigara. Sigara haijaisha, nikasikia maji yanashuka. Yanashuka kwa sauti, dada, kama mtu anayekunywa. Lile si jambo la kisima. Chini kuna mdomo.

Na majirani si wajinga. Yule mama mwenye mapacha kaniuliza kwa nini tarehe mosi maji yenu yananukia dawa ya bomba. Nikamwambia ni gari langu linanuka.

Mwambie mtoto.

Mapipa

*

Nyumbani
Tarehe 2 Septemba

Sisimizi,

Umeuliza kama kuna kilichobadilika. Paka karudi. Fundi Viatu kapata miwani. Jana mafundo yametoka makavu saba.

Shuka za zahanati nimewaambia walete ishirini badala ya arobaini. Ni uzee.

Usikae na njaa kwenye mikutano, mtu mwenye njaa hukubali chochote.

Bibi yako

(Mwandishi: mimi nimeambiwa niandike hayo, nimeandika hayo.)

*

Kambi ya Handaki
Tarehe 9 Oktoba

Bibi yangu,

Imekwisha. Juzi nimesaini.

Walikaa watu kumi na mmoja mezani. Aliyekuwa akitetea mtambo wa shule ni mama mmoja mtaalamu wa miamba, mkali kama wewe. Akanitazama akaniuliza, binti, unaitegemea kamba ya bibi mmoja asiyejua kusoma kuliko chombo? Nikasimama. Nikasema, mwenye kisima kile hajapata kusema uongo maishani mwake. Sikusema nakujua vipi. Yule mama akafunga daftari lake.

Kwa hiyo hakuna ngozi. Mabomba yatabeba maji machache yatakayovuja, na zege la kawaida litaanza kumiminwa mwanzo wa Desemba. Likishakauka hakuna wa kulibandua. Nimeokoa malori elfu moja na mia mbili ya saruji, Bibi. Ile miaka ishirini na moja imeshuka ikawa kumi na tisa. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, na msingi wake ni mafundo yako saba.

Nilidhani leo ningelala. Nimeamka mara nne. Nikifumba macho naiona ile foleni ya ndoo. Niambie tu kwamba nimefanya sawa.

Sisimizi

*

Nyumbani
Tarehe 14 Oktoba

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke mwenzangu, utani tuuweke kando.

Barua yako Fundi Viatu amenisomea mara moja. Nilimwambia arudie pale uliposimama mezani. Akarudia. Nikamwambia basi.

Kisima kimekauka mpaka fundo la kumi na moja. Si saba. Juni kilikuwa tisa, Agosti kumi, sasa kumi na moja. Kila mwisho wa mwezi Mapipa alileta maji ya bomba, tukayamimina kisimani jioni, nami alfajiri nikahesabu saba. Mara ya mwisho yalikuwa mapipa kumi na mawili, na gari likavunjika ekseli kwenye kona ya zahanati. Maji ya tarehe mosi yote uliyoyaandika ofisini kwako tangu Julai yametoka mjini.

(Hapa ameondoka kwenda kisimani, akarudi. Nimeshona soli nzima.)

Uliniambia unaomba isiwe tisa. Nikasema mtoto asiombe kitu nilicho nacho mkononi. Nilijua maji yanapotea, lakini nikadhani ni maji yangu. Kisima changu, mgongo wangu, shuka zangu, nikipoteza napoteza mimi. Hukuniambia kwamba mafundo yangu yanapigwa mizani na kisima cha shule. Mwezi wa nane uliniambia, kweli, uliniambia. Nikaziba masikio, kwa kuwa mkataba ulikuwa umeongezwa na wewe umeandika kwa furaha.

Nilijivuna sisemi uongo. Ningekuwa muongo wa kawaida ingekuwa afadhali, ungeniona usoni. Nimeifundisha kamba na kisima kusema uongo, mimi nikabaki na meno yangu tisa safi.

Asubuhi nimekwenda shuleni mwenyewe, kwa miguu. Nimepanga foleni na watoto. Nilipofika zamu yangu ndoo ilitoka na matope. Nikamwambia mwalimu ni mimi. Hakunielewa. Nikamweleza mpaka akaelewa, na hakunitukana, na ningependa angenitukana.

Sasa nenda kwa yule mama wa miamba. Mwambie yote. Mwambie na hili, kwamba mimi ni bibi yako. Umeniambia zege linaanza Desemba. Leo ni katikati ya Oktoba. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa, na mimi nilikuwa nikiwaambia wengine.

Ukifukuzwa, kitanda chako kipo.

Bibi yako

(Mimi Fundi Viatu nimehesabu naye kila mwezi. Saba zile na mimi nilizitazama. Uniweke nami kwenye barua yako ya ofisini, jina langu la kazi linatosha.)

*

Mjini
Tarehe 19 Novemba

Bibi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mtu hamwandikii bibi yake. Bado ninayo mengine. Yameze kama yalivyo.

Nilikuomba kitu kimoja, kuhesabu. Nilikuwa na mitambo mitatu, wataalamu kumi na mmoja, na mkuu aliyekuwa akitaka saba tangu mwanzo. Sikukosa watu wa kunipa saba. Wewe ndiye uliyekuwa wa kunipa tisa.

Nimekwenda kwa mama wa miamba siku ile ile. Nilimpa barua yako akaisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kitu kimoja tu: alifikiria mwenyewe hiyo ya mapipa? Nikasema ndiyo. Akasema, hapo tumepoteza mhandisi. Kisha akachukua koti lake tukaenda kwa mkuu pamoja.

Karatasi niliyosaini nimeifuta kwa karatasi nyingine. Nimesema kamba ni ya bibi yangu, nimesema nilificha. Nimeondolewa kazini siku iliyofuata, si kwa ajili yako, kwa ajili ya kuficha. Hilo ni langu, usilibebe.

Wamekwenda kupima upya visima vyote, wameshusha taa ndani ya handaki wakaona nyufa tatu zinabubujika. Uamuzi umetoka juzi. Mita mia nne zitavalishwa ngozi. Malori yote yale niliyojisifu kuyaokoa yatapita, na mengine mia saba juu yake. Miaka ishirini na moja sasa ni ishirini na mbili na kitu. Nimekaa chumba cha rafiki yangu natazama ukuta, sijui kama nimeokoa maji au nimeongeza moshi, au vyote viwili, na hakuna anayenilipa tena kujua. Mama wa miamba anasema maji yanaweza yasirudi. Anasema ngozi inazuia kupotea, hairudishi kilichopotea. Kurudisha ni kazi ya mvua, na mvua haina mkataba na mtu.

Sirudi nyumbani kwa sasa. Sijui nitakutazama vipi.

Sisimizi

*

Nyumbani
Tarehe 3 Januari

Sisimizi,

Nimeyameza. Yalikuwa machungu na nilistahili, na uliyobaki nayo yahifadhi, utanipa ana kwa ana, usiyapunguze.

Malori yamepita mtaani mwezi mzima. Nimekaa kizingitini nikiyahesabu, maana sasa kuhesabu kumeniingia kama ugonjwa. Kila lori la saruji linapopita nasema, hilo la mapipa ya Juni, hilo la mapipa ya Agosti. Ule moshi wa mwaka mmoja na zaidi uliousema, sijui kuuzungumzia kitaalamu, ila najua harufu yake, umekaa kwenye shuka za wagonjwa nilizoanika. Nimezifua mara ya pili. Kwa maji ya foleni.

Unajiuliza umeokoa au umeunguza. Mtoto mpumbavu. Ukimbeba mgonjwa hospitalini kwa gari, gari linatoa moshi. Ungemwacha barabarani ili hewa ibaki safi? Haya ya moshi walipaswa kuyafikiria kabla hawajakitia kilima msumari. Wewe umekuta mtungi umeshatobolewa. Aliyekucheleweshea kiraka ni mimi, na hilo halifutwi kwa wewe kutazama ukuta.

Tarehe mosi ya Desemba nilishusha kamba mbele ya watu sita: mwalimu, mama wa mapacha, Mapipa, Fundi Viatu, mfamasia wa zahanati, na yule mama yako wa miamba, aliyepanda mwenyewe na viatu vyake vya kazi. Niliwaambia watazame mikono yangu. Mafundo kumi na moja makavu. Yule mama akanishika bega, akaniuliza kama nina mapipa mengine yamejificha. Nikamwambia atafute hata chini ya kitanda. Akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilimpenda. Kaacha salamu zako na karatasi, kuna kazi ya kupima mito, si kwao, kwingine. Karatasi iko kabatini na simu.

Juzi ilikuwa tarehe mosi tena. Ngozi imefika chini yetu, ndivyo wanavyosema wenye malori. Watu sita wakaja. Nikaifunga kamba kwenye mti wa kisima nikaiachia yote. Ilipofika wakati wa kuivuta, nikaiacha. Wakaniuliza una nini. Nikawaambia sivuti.

Kama ni kumi na moja, handaki limeacha kunywa. Kama ni kumi na mbili, bado linakunywa. Kama ni kumi, maji yanarudi, nami sijui nitafanya nini na uso wangu. Jambo la namna hiyo nisilishike kwanza mimi.

Kamba bado imo kisimani. Majirani wanachota kwa Mapipa mpaka utakapofika, na wananitukana kila asubuhi, kwa hiyo usichelewe. Usije kunisamehe, hilo lina siku yake. Njoo uvute.

Bibi yako